Kuku Aliyesemeshwa Kiswahili

Kuku akisemeshwa Kiswahili, nilijua maneno ni yangu. Akisemeshwa Kimakonde, basi ni kuku kweli, kala kitu au kapanda mahali, nami niliendelea na shughuli zangu. Mama mkwe wangu hakuwa na njia nyingine ya kusema na mimi. Miaka yote niliyokaa Makote kwa mke wangu sikuwahi kumtazama mama yake usoni, sikuwahi kula mbele yake, na yeye hakuwahi kuniita. Hiyo ndiyo heshima ya mkwe kwetu. Ukikutana naye njiani unapisha, unavua kofia, unachutama pembeni na kutazama chini mpaka apite. Yeye anaguna kidogo kuonyesha kwamba kakuona, na mambo yanaishia hapo. Likiwapo la kusemwa anamwambia binti yake, na binti yake anakuletea wewe.

Sasa binti yake alikuwa amekufa. Tulibaki wawili kwenye ua mmoja, nyumba yake na nyumba yangu, katikati ua wa mianzi uliokwisha kulala upande mmoja, na hapakuwa na mtu wa kubeba neno kutoka huku kwenda kule.

Mimi ni Myao wa Masasi. Nimezaliwa Mkomaindo, nikapanda huku juu mlimani, Makote, kwa ajili ya mke. Wayao na Wamakonde katika hilo hatupishani: anayehama ni mwanamume. Unajenga kwao mke, unalima ardhi ya ukoo wao, na watoto ni wao. Mikorosho yote iliyo nyuma ya nyumba ile niliipanda kwa mikono yangu, lakini ardhi si yangu na sijawahi kusema ni yangu. Mke akifa, mwanamume anafunguliwa. Ndugu wa marehemu wanakaa kikao, wanakushukuru, wanakurudisha kwa dada zako. Zamani wakikuonea huruma walikupa mdogo wa marehemu. Siku hizi hakuna anayetoa mdogo wa mtu, na mimi sikuwa na haja ya mdogo wa mtu.

Nilikuwa na haja ya kubaki pale pale, basi. Kaburi la mke wangu liko nyuma ya nyumba, ukipita mikorosho ya mwanzo tu. Dada zangu wote wametangulia mbele ya haki. Mkomaindo ningepewa chumba cha uani kwa mpwa wangu, nikae kwenye benchi kutwa nikitazama watu wanaopeleka chupa za uji hospitali. Mpwa wangu ni mtu mwema, sina neno naye, lakini mtu hawezi kumaliza maisha yake akitazama uji wa watu.

Baada ya arobaini, shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alinikalisha barazani. Yeye anaishi Masasi, ana duka la vipuri vya pikipiki, na ndiye anayesikilizwa kwenye ukoo kwa sababu ndiye mwenye gari. Si mtu mbaya. Alizungumza kwa adabu kabisa.

"Shemeji, sisi hatukufukuzi," alisema. "Lakini mwanamume peke yake, nyumba haina mwanamke, utakula nini? Ukitufia hapa kwa njaa watu watasema sisi ndio tuliokuua. Tuvumiliane mpaka korosho ziishe, halafu tutakaa na wazee."

"Na mama je?" niliuliza. "Yeye mtamwacha peke yake?"

"Mama anajiweza."

"Najiweza!" sauti ilitoka nyumba ya pili, kali. Shemeji akacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimeuliza nikitumaini kwamba nitaambiwa nibaki nimwangalie.

Walipoondoka wote, wale shangazi na binamu na mikeka yao, ndipo nikajua upweke ni kitu gani. Watu huzungumzia upweke usiku. Wanakosea. Usiku unalala. Upweke ni saa nne asubuhi, umetoka shamba, umeona nyoka mkubwa kwenye shina la mkorosho, unaingia uani mdomo umekwisha kufunguka umwambie mtu, na hakuna mtu. Yule nyoka anabaki wako peke yako. Nilikasirika, nasema kweli. Nilimkasirikia marehemu, kwa nini aende kwanza wakati mimi ndiye niliyekuwa na kifua kibovu, na nikajikasirikia kwa kumkasirikia.

Njaa nayo ilikuja. Majirani walileta sahani, kisha sahani zikapungua, kisha zikakoma, na sikuwalaumu, kila mtu ana watoto wake. Mimi nilijua kupogoa mikorosho, kuipuliza salfa, kuezeka, kuziba pancha. Kupika sikujua hata kuwasha moto usiotoa moshi. Nilikaa na yule mwanamke miaka yote ile, nikila kila siku, na sikuwahi kutazama kile kitu kinafanywaje. Mtu ungedhani ugali unaota.

Binti yangu anafundisha shule ya msingi Dar es Salaam. Nilipomweleza alifurahi, nadhani kwa sababu hatimaye nilikuwa nimemwomba kitu. "Baba, hizo ndizo stadi za maisha," aliniambia. "Dunia imebadilika, na wewe badilika. Nakutumia video." Akatuma. Mwanamke mmoja mwenye kucha ndefu nyekundu alikuwa anakata hoho za rangi tatu kwenye meza ya marumaru. Hoho za rangi tatu nitazitoa wapi Makote? Hata hivyo nilimfuata, nikatafuta kitunguu, nikaweka mafuta, na bando likaisha kitunguu hakijabadilika rangi. Yule mama akaganda na kisu juu. Nikangoja arudi, kitunguu kikaungua, nikala muhogo mbichi.

Maji yalikuwa mtihani mwingine. Wakati wa kiangazi bomba la kwetu linatoa siku likitaka, na foleni yote ni wanawake. Nilikwenda na baiskeli na madumu yangu, nikapanga mstari. Waliponiona wakaanza kupishana. "Mpisheni baba wa watu, kafiwa." Nikasema nangoja zamu yangu. "Pita, baba, pita." Nikapitishwa mbele mzima mzima, mwenye mikono na miguu, na nilipokuwa nafunga madumu nilisikia mmoja anasema, "Masikini, Myao wetu kageuka mwali, anafundwa na dunia." Wakacheka, nami nikacheka, ila nilipofika nyumbani nilikaa kwenye kizingiti muda mrefu. Kucheka na watu kisha kwenda kukaa peke yako ni kubaya kuliko kutocheka kabisa.

Lakini hayo yote ningeyabeba. Lililonitisha ni mama mkwe. Ardhi ile ni ya kwake, imetoka kwa mama yake, na kwenye kikao neno lake ndilo lingekuwa la mwisho. Kama yeye angesema mkwe abaki, hata shemeji na gari lake asingepinga. Na mama mkwe alikuwa ameacha kunigunia.

Nilikutana naye kwenye njia ya shambani. Nikapisha, nikavua kofia, nikachutama nikitazama miguu yangu. Akapita. Kimya. Nikasema labda ana mawazo, kafiwa na mtoto. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu alipita karibu kiasi kwamba kanga yake ilinigusa bega, jambo ambalo kwa mkwe ni kama kofi, na hakusema hata mh. Nikarudi nyumbani nikiwa nimevunjika. Nilijiambia, basi, huyu bibi kaamua. Hanioni tena kuwa mtu.

Nikajaribu chakula. Kwa kawaida mkwe hampikii mama mkwe, ni aibu kwa wote wawili, lakini mke wangu ndiye aliyekuwa akimpikia mama yake, na mimi nilijua kwamba tangu wageni waondoke ule upande wa pili hapatoki harufu ya maana zaidi ya muhogo wa kuchoma. Basi nikapika mbaazi. Zilikuwa ngumu, lakini zilikuwa mbaazi. Nikazitia kwenye bakuli la maua alilolipenda marehemu, nikafunika kwa kawa, nikaenda mpaka penye ua wa mianzi, nikaweka chini upande wake, nikakohoa, nikaondoka bila kugeuka. Nilipochungulia baadaye kawa lilikuwa limepinduliwa na kuku wanadonoa. Yeye alikuwa amekaa barazani kwake, hatua chache tu, uso umeelekea pale pale kwenye bakuli, anawaacha kuku wale.

Nilianza kufunga virago. Nilitoa sanduku chini ya kitanda na kulipangusa vumbi. Na si kwa hasira, nilikuwa nimechoka tu. Nikawaza kwamba kama mama wa mke wangu hawezi hata kula mbaazi zangu, basi nangoja nini.

Ndipo siku moja asubuhi, niko jikoni napigana na kisamvu, nikasikia ule upande wa pili kuku anafokewa. Kwa Kiswahili. Kuku wa Makote wote wanajua Kimakonde, kwa hiyo nikatega sikio.

"Wewe kuku! Kisamvu gani hicho unachokipika bila kukitwanga kikalainika? Unataka kuua watu? Na moto wote huo wa nini, unachoma nyumba au unapika mboga? Kuku mzima huna akili!"

Nikasimama na mwiko mkononi. Nikaondoa kuni mbili. Nikarudisha kisamvu kwenye kinu, nikatwanga upya.

"Haya," bibi alimwambia kuku. "Walau."

Wallahi nilicheka peke yangu mpaka machozi. Halafu machozi yakaendelea baada ya kicheko kuisha, maana ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi mtu kujali ninakula nini.

Basi ikawa hivyo. Asubuhi na jioni kuku alipata somo. Kuku aliambiwa ugali wa muhogo hauogopwi, unasongwa kwa nguvu, usikae unaubembeleza. Kuku aliambiwa mboga ya kunde huungwa kwa korosho zilizotwangwa, si kwa mafuta ya kununua, na kwamba mtu anayetia chumvi kabla ya kunde kuiva ni adui wa watu. Mdomo wa bibi yule! Marehemu alikuwa mpole, sijui alimrithi nani. Aliniita kuku mvivu, kuku wa Masasi, kuku aliyedekezwa na mke. Alijua kila kitu kwa pua na masikio. Mwiko ukigonga sufuria vibaya alisikia, kitunguu kikikaribia kuungua alinusa kabla yangu.

Shida ilikuwa kumjibu. Mimi sina kuku, na mwanamume akizungumza na mbuzi wa jirani, watu wataitana waje kutazama. Nikapata akili ya simu. Nilisimama karibu na ua wa mianzi, nikaweka simu sikioni, nikasema kwa sauti, "Haloo, mwanangu! Hujambo? Mimi mzima. Nilikuwa nataka kuuliza, hii ming'oko niliyoichimba porini inachemshwa na maganda au inamenywa kwanza?" Nikanyamaza kidogo kama ninayesikiliza. Upande wa pili: "Wewe kuku, ming'oko inaoshwa vizuri mchanga wote utoke, inachemshwa na maganda yake! Nani kakufundisha kumenya?" Nami: "Sawa mwanangu, nimeelewa, nisalimie wajukuu."

Siku nyingine nilikuwa katikati ya mazungumzo hayo, nauliza habari za ukungu kwenye makopa, ule muhogo wa kukausha, na simu ikaita kweli, sikioni, mlio wote. Nikaruka. Ule upande wa pili nikasikia bibi anacheka, kicheko cha kujifunika kanga mdomoni. Sikuwahi kukisikia kabla ya hapo.

Nilijua sasa kwamba hanichukii. Ndiyo maana habari ya bakuli ikanisumbua zaidi. Mtu anayekufundisha kupika kwa nini awaachie kuku chakula chako?

Jibu lilikuwa kwenye kamba. Alikuwa amefunga kamba kutoka nguzo ya baraza yake mpaka chooni, imetundikwa kanga moja ya bluu. Nilidhani ni ya kuanikia. Lakini kanga ile haikuanuliwa. Jua lote lile la kiangazi, nguo inakauka kabla hujamaliza kuikung'uta, na yeye kaiacha tu mpaka rangi imepauka. Siku moja nikiwa juu ya paa langu narekebisha bati, nilimwona anakwenda chooni. Nilitaka kugeuza macho kama inavyopasa. Sikuweza. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya kamba, unateleza, na miguu inapapasa. Alipofika kwenye kanga akaipita chini kwa chini bila kuiachia kamba. Kisha jogoo akakatiza mbele yake, na yeye hakumwona akamkanyaga.

Nilikaa juu ya bati lile la moto bila kusikia moto. Hakunigunia njiani kwa sababu hakuniona. Bakuli lilikuwa mbele ya macho yake na hakuliona, na kikohozi changu alikwisha kukizoea, mwenye kifua kibovu hukohoa kutwa. Nilikuwa nimechutama kwa heshima zote mbele ya mtu asiyeona, halafu nikanuna kwa kutojibiwa. Nani mwingine duniani angekosea hivyo isipokuwa wakwe wa huku kwetu?

Na nilielewa pia kwa nini hakusema. Mwanawe akijua tu, siku ile ile atamtia kwenye gari ampeleke Masasi. Bibi yule hajawahi kulala nje ya Makote isipokuwa kwenye misiba. Kumbe tulikuwa tunaficha kitu kimoja, kila mtu upande wake wa ua: kwamba hatujiwezi. Atakayegundulika kwanza ataondolewa.

Nikashuka, nikapika. Safari hii bakuli nililifunga kwenye nguzo, pale pale kamba inapoanzia, mahali mkono wake lazima ufike, na nikagonga bakuli kwa kijiko. Nikarudi upande wangu, nikachukua simu. "Haloo mwanangu! Nasikia siku hizi watu wanatundika chakula kwenye nguzo, kuku wasifike."

Nikangoja. Nilidhani nimemvunjia heshima. Mwishowe akasema, taratibu, si kwa ile sauti yake ya kufoka, "Wewe kuku, mambo unayoyaona huko juu ya paa usiende kuyatangaza."

"Haloo mwanangu," nilisema, "mimi sijaona kitu."

Alikula. Jioni nilikuta bakuli limeoshwa, limefunikwa. Tangu siku hiyo nilipika kwa ajili ya wawili, nikachota maji ya wawili, na korosho zake nikaziokota pamoja na zangu. Kwenye bomba nilikataa kupitishwa mbele, nikasema nina zamu yangu kama mtu mwingine yeyote, na baada ya muda wakazoea, wakaanza kunisimulia habari za waume zao, jambo ambalo sikuliomba. Nisije nikasema upweke uliisha. Haukuisha. Bado niliingia uani na habari mdomoni nikakuta hakuna mtu. Lakini niliweza kuchukua simu na kumwambia mwanangu kwa sauti kwamba nimeona nyoka, na upande wa pili kuku akaulizwa, "Mkubwa?"

Korosho zikaisha. Shemeji akaja na gari, na wazee wawili wa ukoo nyuma. Mikeka ikatandikwa mbele ya nyumba ya mama. Yeye alikaa mlangoni kwake amejitanda kanga mpaka kwenye nyusi. Mimi, kama mkwe, nilichutama mbali kidogo, karibu na ua, kofia mkononi, macho chini. Nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba najua kupika, wanipe sufuria niwaonyeshe, lakini mkwe hasemi kwenye kikao mpaka aulizwe.

Shemeji alizungumza vizuri, kama kawaida yake. Alinishukuru kwa kumtunza dada yake. Alisema nyumba isiyo na mwanamke ni taabu, na kwamba kuna binamu yao wa Mnyambe, mtu mwenye mke na watoto, yuko tayari kuhamia katika nyumba ile, awe karibu na mama. Mimi nifunguliwe kwa heshima zote, nirudi Masasi, yeye mwenyewe atanipeleka na vyombo vyangu. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Lilikuwa jambo la akili. Hata mimi, kama lisingekuwa langu, ningelipitisha.

"Mama, unasemaje?" shemeji aliuliza.

Kuku walikuwa pale wanadonoadonoa miguuni pake. Hakuwasemesha.

"Mkwe wangu," alisema.

Watu wote waligeuka. Mzee mmoja alishusha kikombe. Mimi nilizidi kuinamisha kichwa, nikidhani sikusikia sawasawa.

"Mkwe wangu, inuka. Miguu itakufa ganzi bure. Hata ukichutama mimi sioni."

"Mama, unasema nini?" Shemeji alikuwa amekwisha kusimama.

"Nasema sioni. Tangu mwaka jana naona ukungu, sasa hata ukungu hakuna. Dada yako alijua. Alipokufa, akawa anajua huyu." Alinyoosha mkono kuelekea mahali nilipokuwa, akakosea kidogo. "Miezi yote hii anayenipikia ni yeye. Maji ni yeye. Nyinyi mnasema mwanamume hawezi kukaa peke yake. Huyu kakaa, na mimi kanikalisha. Na kisamvu chake ni kizuri, nimekula nikaongeza."

Mama mkwe kulishwa na mkwe, tena kuyasema hayo mbele ya wanaume! Wazee walitazamana. Ile aibu aliivua hadharani kama mtu anayevua viatu.

"Huyu asiguswe katika nyumba ya mwanangu," alisema. "Siku akifa mzikeni pale pale kwa mkewe. Nimemaliza."

Mimi nilikuwa nimesimama. Nilimtazama, Mungu anisamehe, nilimtazama usoni kwa mara ya kwanza, kwa kuwa hakuna tena kilichonizuia. Alikuwa mke wangu. Paji lile lile, mdomo ule ule unaoanguka kidogo upande wa kushoto. Alikuwa mke wangu kama angejaliwa kuzeeka. Miaka yote ile nilikuwa ninaukwepa uso ule njiani.

Wazee walikubali, hawakuwa na la kupinga. Shemeji alinijia akanipa mkono, macho yamemlowa. "Umebaki, shemeji," alisema. "Nisamehe." Kisha akaenda akachuchumaa mbele ya mama yake. "Lakini wewe mama huwezi kubaki. Unajua hilo. Leo leo tunakwenda hospitali."

"Najua," alisema. "Ndiyo maana nilikuwa sisemi."

Alikuwa amejua bei kabla hajafungua mdomo. Hakuaga kwa maneno mengi. Walimfungia nguo zake kwenye kitenge, wakamwingiza kiti cha mbele, na alipapasa mlango wa gari kwanza kama anavyopapasa kila kitu, akaukuta, akakaa. Nilisema shikamoo kwa sauti kubwa, bila kuchutama, na yeye akasema marahaba, wazi, watu wote wakasikia. Huko Masasi madaktari walimwambia mwanawe kwamba wamechelewa, macho hayarudi, na mama huyo asiachwe peke yake tena. Sijui siku zake zinapitaje kule. Nasikia kuna televisheni.

Siku ile gari lilipotelea kwenye mikorosho. Wazee nao walipanda pikipiki za kukodi, na kila mmoja kabla ya kuondoka alinishika mkono akaniambia hongera, bwana, umebaki. Nikawaambia ahsante. Nilikuwa nimeipata nyumba, na kaburi, na mikorosho, kila nilichokitaka, na mtu wa mwisho pale uani aliyenijua nikiwa mume wa mtu alikuwa njiani kwenda Masasi. Nilikaa kwenye mkeka wao waliouacha, nikalia mchana kweupe, mtu mzima mimi, na hapakuwa na mtu wa kuniambia ninyamaze.